Lebo nyumbufu za RFID kwa sampuli za maabara: HF, UHF, au kubaki na msimbo pau

Tyubu ya damu yenye kipenyo cha milimita 13 ina mzingo wa milimita 41 hivi, na kichupa cha mililita 2 kinachotumika kugandishia seramu kina mzingo mdogo zaidi ya huo. Katika eneo hilo maabara hutaka kuweka namba ya sampuli, tarehe, msimbo pau, nafasi tupu ya kuonea kiwango cha seramu na, siku hizi, antena yenye chipu ya RFID, yaani utambuzi kwa mawimbi ya redio. Anayechagua lebo akausahau udogo huo atanunua lebo iliyosomeka vizuri mezani kwa muuzaji ilipokuwa imebandikwa kwenye boksi kavu la kadibodi, kisha ikawa kimya mara tu ilipozungushwa kwenye tyubu iliyojaa damu.

Njia zinazolinganishwa hapa ni tatu. Ya kwanza ni lebo za HF, zinazotumia masafa ya megahezi 13.56. Ya pili ni lebo za UHF, zinazotumia masafa yaliyo kati ya megahezi 860 na 960. Ya tatu ni msimbo pau uliochapwa, ambao bado ndio mpinzani ambaye kila lebo ya redio inapaswa kumshinda kabla ya kununuliwa. Lebo zote za redio ninazozizungumzia hazina betri. Huamshwa na nishati inayotoka kwenye kisomaji. Masafa ya chini, yaani kilohezi 125 hadi 134, ambayo wafugaji wanayajua kupitia hereni za ng'ombe, nimeyaacha kwa sababu antena yake ni koili yenye mizunguko mingi ya waya ambayo haiingii kwenye lebo nyembamba.

Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime njiani. Uchaguzi usianzie kwenye umbali wa kusoma wala bei ya lebo moja, bali uanzie mahali pagumu kuliko pote ambapo sampuli itapita: penye baridi kali zaidi, maji mengi zaidi, chuma kingi zaidi na msongamano mkubwa zaidi. Lebo iliyoshinda hapo itashinda kwingine. Iliyoshindwa hapo haiokolewi na sifa nyingine yoyote.

Kinachopinda na kisichopinda

Neno "nyumbufu" huwapotosha wanunuzi wengi. Katika lebo nyingi zilizoko sokoni, kinachopinda ni tabaka la plastiki pamoja na antena iliyolazwa juu yake. Chipu yenyewe ni kipande kigumu cha silikoni, kwa kawaida chenye upana usiofika milimita moja, kilichoshikizwa kwenye ncha za antena kwa gundi inayopitisha umeme. Lebo inapozungushwa kwenye kichupa, mkazo hukusanyika pale kitu kigumu kinapokutana na kinachopinda, na hapo ndipo lebo nyingi hufia. Karatasi za maelezo za lebo za kawaida za dukani na za ghalani mara nyingi huandika kipenyo cha chini cha kupinda kuwa milimita 50. Mwenye tyubu ya milimita 13 akisoma namba hiyo ameshajibiwa, hata kama muuzaji bado anaendelea kusifu bidhaa yake.

Zipo chipu zinazopinda kweli. Kampuni ya Pragmatic ya Uingereza hutengeneza saketi za tabaka jembamba moja kwa moja juu ya plastiki ya poliimidi, bila kipande cha silikoni, na mwaka 2021 ilishirikiana na kampuni ya Arm kuonyesha kichakataji kizima kilichojengwa kwa njia hiyo. Chipu zake za utambuzi hufanya kazi katika HF. Kwa sampuli zinazopita maabara siku tatu kisha zikateketezwa, teknolojia hiyo inastahili kufuatiliwa kwa makini; kwa sampuli zitakazokaa friza miaka 20, mimi ningesubiri wengine watangulie.

Tabaka nalo lina uzito wake katika uamuzi. Lebo za bei nafuu zina antena ya alumini iliyochongwa kwa kemikali juu ya PET, plastiki ileile ya chupa za maji ya kunywa. PET huanza kulegea kati ya nyuzi 70 na 80 za Selsiasi, jambo lisilo na madhara kwa tyubu inayokaa jokofuni, lakini ni shida kubwa kwa kitu kitakachoingia otoklevu, mashine ya kutakasa kwa mvuke, ya nyuzi 121 au 134. Lebo za bei ya juu huweka shaba juu ya poliimidi, ile plastiki ya rangi ya kaharabu ambayo mafundi wa simu huiona kila siku kwenye nyaya bapa za ndani. Poliimidi huvumilia joto la otoklevu bila taabu, lakini faida ambayo haitajwi sana iko upande wa baridi. Kwa kila nyuzi moja ya joto, shaba hutanuka au kusinyaa kwa takriban sehemu 17 katika milioni, na poliimidi ya kawaida ya viwandani kwa takriban sehemu 20, kwa hiyo antena na kilichoibeba husogea karibu sawasawa kila sampuli inapogandishwa na kuyeyushwa. Silikoni husogea kwa sehemu 2.6 tu. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya kiungo cha chipu kibaki kuwa sehemu dhaifu hata katika lebo nzuri, na ndiyo sababu idadi ya mizunguko ya kugandisha na kuyeyusha iliyojaribiwa ni swali muhimu kuliko kiwango cha chini cha joto kilichoandikwa kwenye tangazo.

Antena zilizochapwa kwa wino wa fedha zina ukinzani mkubwa zaidi kuliko za shaba au alumini, hivyo hupoteza umbali wa kusoma, na wino wenyewe unaweza kupasuka ukikunjwa sana. Zinafaa kwenye kadi na mifuko, si kwenye vichupa.

Maji, barafu na chuma

Wimbi la megahezi 13.56 lina urefu wa mita 22 hivi. Katika umbali wa sentimita chache, lebo ya HF na kisomaji chake hazitumiani wimbi kwa maana ya kawaida, bali zimeunganishwa na uga wa sumaku, kama koili mbili za transfoma. Uga huo hupita kwenye maji, damu na mkojo bila kupungua sana. Wimbi la UHF lina urefu wa sentimita 33 hivi na husafiri kweli angani, likaifikia lebo na kurudi, na kwa sababu hiyo UHF husomeka kwa mita kadhaa mahali ambapo HF huishia sentimita chache au, kwa antena kubwa ya mlangoni, kama mita moja. Lakini antena ya UHF inayofanya kazi vizuri hutaka kuwa na karibu nusu ya urefu wa wimbi, yaani sentimita 16. Ili iingie kwenye tyubu hukunjwakunjwa mpaka sentimita tatu au nne, na kila inapofupishwa hupoteza nguvu. Kisha hubandikwa juu ya damu, ambayo ni maji yenye chumvi: sehemu ya nishati humezwa, na antena iliyopimwa kwa hewa au kadibodi huhama masafa yake. Zile mita kadhaa za kwenye tangazo zinaweza kupungua hadi sentimita chache.

Hapa kuna jambo ambalo huwashangaza hata mafundi. Barafu si adui wa UHF kama maji yalivyo. Molekuli za maji yaliyoganda haziwezi kujigeuza kulifuata wimbi, kwa hiyo seramu iliyoganda kabisa humeza nishati kidogo sana kuliko seramu ileile ikiwa ya majimaji. Matokeo yake ni kwamba lebo ya UHF inaweza kusomeka vizuri kichupa kinapotoka friza na kupotea dakika chache baadaye, barafu inapoanza kuyeyuka na unyevu wa hewa kugeuka matone juu ya lebo. Katika mji wa pwani kama Tanga au Mombasa, ambako hewa ina unyevu mwingi mwaka mzima, dakika hizo ni chache mno. Majaribio yanayofanywa kwa sampuli zilizoganda pekee hayaonyeshi tabia hiyo, na anayeamini ripoti ya namna hiyo hununua nusu ya ukweli.

Chuma huwasumbua wote wawili. Kwa HF, uga wa sumaku huzalisha mikondo ya umeme ndani ya bati la rafu, nayo mikondo hiyo hupinga uga ulioizalisha. Dawa yake ni tabaka jembamba la feriti kati ya lebo na chuma, ambalo huongeza unene na bei. Kwa UHF, chuma huakisi mawimbi na kuacha maeneo yenye kivuli. Hakuna lebo ya bei ya kawaida itakayosoma sampuli zilizo ndani ya friza iliyofungwa kwa kisomaji kilicho nje yake. Anayeahidi hivyo aombwe aoneshe kwa friza ya mteja, si ya kwake.

Mwelekeo wa antena, jambo linalosahauliwa kuliko yote

Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu kosa hili hugharimu mfumo mzima na haliwezi kurekebishwa kwa programu. Tuchukue boksi la kugandishia lenye vichupa 81, yaani mistari tisa kwa tisa, vyote vimesimama, na chini yake bapa la kisomaji cha HF ambalo muuzaji anasema litasoma boksi zima kwa mara moja. Uga wa sumaku unaotoka kwenye bapa hilo, katika sehemu ya katikati, hupanda wima. Koili iliyozungushwa kwenye ubavu wa kichupa kilichosimama inatazama pembeni. Uga unaopita sambamba na uso wa koili hauizalishii umeme, kwa hiyo vichupa vya katikati vitakaa kimya huku vya pembezoni, ambako uga umepinda, vikijibu. Mhudumu ataona 50 kati ya 81 na kudhani lebo ni mbovu.

Njia za kutoka ni tatu. Lebo inaweza kuwekwa chini ya kitako cha kichupa au juu ya kifuniko, ambako koili italala bapa na kutazama kisomaji. Lakini kitako kina kipenyo cha milimita tisa au kumi tu, koili inakuwa ndogo, na kifuniko nacho kina hatari ya kubadilishwa kikahamia kichupa kingine. Kisomaji kinaweza kuwa handaki lenye antena za pande tatu, ambalo bei yake ni kubwa. Au kichupa kinaweza kulazwa na kusomwa kimoja kimoja, jambo linalofuta faida iliyotafutwa. Kwa UHF hali inafanana kwa sababu nyingine: antena iliyonyooka kufuata urefu wa tyubu haitoi wala kupokea kwa nguvu kupitia ncha zake, na bapa lililo chini ya tyubu zilizosimama linaitazama ncha hasa. Kisomaji cha UHF kinafaa kukaa ubavuni.

Msongamano huongeza tatizo. Koili za HF zikikaribiana sana huathiriana na kuhama masafa, na antena za UHF zikilaliana huziba zenyewe kwa zenyewe. Kwa upande wa kasi, kiwango cha ISO 15693 cha HF husoma makumi ya lebo kwa sekunde, na kiwango cha Gen2 cha UHF husoma mamia. Kwa boksi la vichupa 81 tofauti hiyo haina maana yoyote, ila kwa chumba cha kupokelea masanduku ina maana kubwa.

Baridi kali, na maana ya maneno "kuhifadhi" na "kufanya kazi"

Chipu nyingi za UHF na za ISO 15693 huandikiwa kufanya kazi kati ya nyuzi −40 na +85. Baadhi ya zile za NFC, aina ya HF inayosomeka kwa simu, kama familia ya NTAG21x ya kampuni ya NXP, huandikiwa −25 hadi +70 tu. Friza ya sampuli ina nyuzi −80, na naitrojeni kimiminika ina nyuzi −196. Hii haimaanishi kwamba lebo itaharibika humo. Inamaanisha kwamba mtengenezaji wa chipu hakuahidi kuwa itajibu ikiwa ndani ya baridi hiyo. Lebo maalumu za baridi kali hujaribiwa na mtengenezaji wa lebo mwenyewe, na swali la kumuuliza ni kama aliisoma ikiwa kwenye nyuzi −80 au aliisoma baada ya kuitoa na kuiacha ipate joto. Majibu yote mawili ni halali, ila mfumo wa kazi utakaojengwa juu ya kila moja ni tofauti.

Gundi hushindwa mapema kuliko chipu. Gundi za kawaida za lebo hugeuka ngumu kama kioo katika baridi kali, na lebo ambayo kwa unyumbufu wake inataka kurudi kuwa bapa huanza kufunguka kwenye ncha. Kadiri lebo inavyokuwa nene, ndivyo inavyovuta zaidi, na lebo yenye antena ni nene kuliko ya karatasi. Kanuni ya vitendo ni kubandika kwenye kichupa kikavu chenye joto la chumba, kuacha gundi ishike, ikiwezekana kwa siku nzima, ndipo kugandisha. Benki ya sampuli ambayo tayari ina maelfu ya vichupa vilivyoganda haiwezi kuvibandika lebo hizi bila kuvipasha joto, na kwa sampuli za thamani kupasha joto ni uharibifu. Kwa benki hizo ningeshauri kuanza na sampuli mpya na kuyaachia masanduku ya zamani msimbo wao.

Kuhusu joto, kemikali na mionzi nitapita haraka. Otoklevu hudai poliimidi. Zailini ya maabara ya patholojia huyeyusha gundi nyingi, kwa hiyo vikasha vya tishu vinahitaji chipu iliyofungiwa ndani ya plastiki badala ya lebo ya kubandika. Mionzi ya gama inayotumika kutakasa vifaa hufuta kumbukumbu ya kawaida ya EEPROM, hivyo lebo itakayobandikwa kiwandani kabla ya kutakaswa inahitaji kumbukumbu ya FRAM, ambayo hustahimili zaidi. Maabara inayobandika lebo yenyewe baada ya kununua tyubu haina haja ya kulipia hilo.

Msimbo pau hauko nyuma kama unavyodhaniwa

Mashindano ya haki ni kati ya lebo ya redio na msimbo pau uliotumiwa vizuri, si ule uliochapwa kwa wino unaofutika. Vichupa vya kugandishia vyenye msimbo wa miraba uliochongwa kwenye kitako hupangwa 96 kwenye rafu moja, na kisomaji cha picha husoma rafu nzima kutoka chini kwa sekunde chache. Msimbo huo haubanduki, hauna chipu ya kufa, na hausumbuliwi na damu wala chuma. Udhaifu wake ni theluji: kitako kilichofunikwa na barafu lazima kifutwe, na kila sekunde ya kufuta ni sekunde ya sampuli kupata joto. Hapo HF hushinda, na nadhani ni mojawapo ya mahali pachache inaposhinda bila ubishi.

Kwa tyubu za kawaida za kliniki hali ni tofauti. Mashine za uchunguzi tayari zina visomaji vya msimbo pau ndani yake, na nyingi hazina kisomaji cha redio. Lebo nene inaweza kukwama kwenye kishikio cha mashine au kwenye tundu la sentrifyuji. Na makosa yaliyo mengi hayatokei njiani: uchunguzi uliofanywa katika hospitali ya Padova, Italia, na kuchapishwa mwaka 2007 ulikuta asilimia 61.9 ya makosa ya maabara yalitokea kabla ya kipimo kufanyika, hatua ambayo inajumuisha utambuzi wa mgonjwa na uchukuaji wa sampuli. Lebo ya RFID iliyobandikwa kwenye tyubu ya mgonjwa asiye yeye itaifuatilia sampuli isiyo sahihi kwa usahihi mkubwa kutoka kitandani hadi majibu.

Barabarani: sanduku, pikipiki na simu

Katika nchi zetu sampuli nyingi huchukuliwa zahanati au kituo cha afya, hukusanywa kwenye kituo kikubwa zaidi, kisha hupelekwa kwa pikipiki au basi hadi maabara ya mkoa au ya taifa. Zikipotea, hupotea kwenye makabidhiano. Swali la msingi hapo si sampuli ipi iko wapi ndani ya sanduku, bali sanduku limefika lini, na limefika na vitu vingapi.

Kwa kazi hiyo UHF ni rahisi kuitetea. Lebo moja kubwa ya bei nafuu, iliyobandikwa nje ya sanduku baridi la plastiki mbali na vifurushi vya barafu, itasomeka mlangoni bila mtu kuinama. Lebo za UHF zikinunuliwa kwa wingi hugharimu chini ya senti 10 za Marekani kila moja, huku za HF zikizidi hapo. Visomaji viko kinyume: bapa dogo la HF la kuchomeka kwenye kompyuta ni la bei ndogo, ilhali kisomaji cha mlangoni cha UHF kwa kawaida huzidi dola 1,000 za Marekani kabla ya antena na nyaya. Kituo chenye masanduku mawili kwa wiki hakiwezi kukihalalisha. Hapo HF ina turufu yake, kwa kuwa simu yenye NFC husoma lebo za aina hiyo, na mpokeaji anaweza kuthibitisha kwa kugusisha simu. Tatizo ni kwamba simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwetu hazina NFC, wakati karibu zote zina kamera, na kamera husoma msimbo wa miraba bila gharama yoyote ya ziada.

Kadi za matone ya damu kavu, zinazotumika kupima maambukizi kwa watoto wachanga na wingi wa virusi, ni hali ya pekee. Damu yake imekauka, kadi ni bapa na ni ya karatasi, na huwekwa kwenye mfuko wa plastiki wenye vikaushio. Hayo ndiyo mazingira ambayo lebo ya UHF ya kawaida ilibuniwa kwa ajili yake. Sharti ni moja: lebo zisibandikwe mahali pamoja kwenye kila kadi, ili zikirundikwa zisilaliane.

Mifuko ya damu ya kuongezewa ina majibu yaliyo wazi zaidi. Mfuko ni mpana, una majimaji mengi, hujikunja na kuzungushwa kwenye sentrifyuji. Mwaka 2010 Jumuiya ya Kimataifa ya Uongezaji Damu, ISBT, ilitoa mwongozo uliopendekeza megahezi 13.56, na sababu za kifizikia nilizoeleza juu zinatosha kuunga mkono chaguo hilo. Koili yenye upana wa sentimita nne au tano hukaa kwenye mfuko bila taabu na husomeka hata mifuko ikiwa imelaliana kiasi.

Kwa wodini na vyumba vya wagonjwa mahututi kuna tahadhari. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2008 katika jarida la JAMA ulijaribu vifaa 41 vya tiba, bila wagonjwa kuunganishwa navyo, na katika majaribio 123 yakatokea matukio 34 ya vifaa kuingiliwa na mawimbi, 22 kati yake yakihesabiwa kuwa ya hatari. Mfumo wa megahezi 868 ulisababisha matukio 26 kati ya hayo. Vifaa vimebadilika tangu hapo, lakini kisomaji cha UHF chenye nguvu bado kinafaa kufungwa mlangoni mwa maabara, si pembeni mwa mashine ya kupumulia, na vifaa vya jirani vijaribiwe kabla mfumo haujawashwa.

Leseni ya masafa pia huzitenganisha HF na UHF. Megahezi 13.56 hukubalika karibu duniani kote. UHF hugawanyika: Ulaya hutumia hasa 865 hadi 868, Marekani 902 hadi 928. Kisomaji cha Marekani kikiwashwa huku kitaingia kwenye masafa ambayo simu za mkononi hutumia kuwasiliana na minara, yaani 880 hadi 915. Kabla ya kuagiza, mnunuzi apate jibu la maandishi kutoka TCRA kwa Tanzania au Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya, na amwandikie muuzaji eneo la masafa kwenye oda yenyewe.

Kilichoandikwa ndani ya lebo kiwe namba tupu. Lebo ya NFC husomwa na simu ya mpita njia, na namba ya lebo ya UHF hutolewa kwa kisomaji chochote cha Gen2 kitakachouliza. Sheria ya ulinzi wa data ya Kenya ya 2019 na ile ya Tanzania ya 2022 huhesabu taarifa za afya kuwa nyeti, kwa hiyo jina na kipimo vibaki kwenye mfumo wa taarifa za maabara. Kuna tofauti ndogo yenye madhara: namba ya lebo ya HF ya ISO 15693 ina biti 64 na huchomwa kiwandani isibadilike, lakini namba ya utambulisho ya UHF, iitwayo EPC, huandikika, na lebo mbili zinaweza kubeba namba moja kama aliyeziandika hakuwa makini. Anayechagua UHF aandike namba zake mwenyewe, kisha afunge kumbukumbu kwa nywila.

Ningechagua nini

Kwa maabara ya hospitali inayopokea tyubu za kila siku, ningebaki na msimbo wa miraba kwenye kila tyubu, nikabandika UHF kwenye masanduku na rafu, na fedha zilizobaki nikazipeleka kwenye printa nzuri za lebo pale damu inapochukuliwa. Kwa benki ya damu ningechukua HF kwenye kila mfuko, sambamba na msimbo pau uliopo. Kwa benki ya sampuli za utafiti, za aina inayotunza seramu na DNA kwa miaka mingi, ningechukua HF ya shaba juu ya poliimidi kwa sampuli mpya, ikiwa tu bajeti inaruhusu kisomaji cha pande tatu au vichupa vyenye chipu kwenye kitako. Bila hivyo, kitako chenye msimbo uliochongwa ni chaguo bora na la bei ndogo. Kwa kadi za damu kavu, UHF.

Kabla ya kusaini, muuzaji atoe lebo 100 kwa majaribio, na majaribio yafanyike kwa tyubu na vichupa vya maabara yenyewe, vilivyojazwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9 badala ya maji matupu, kwa kuwa chumvi ndiyo inayofanya maji yafanane na damu machoni pa wimbi. Vibandikwe lebo na wahudumu watakaovibandika siku za kazi, vikae usiku mmoja, vizungushwe kwenye sentrifyuji, vigandishwe kwenye nyuzi −80 na kuyeyushwa mara kumi. Kila mara boksi lisomwe likiwa limeganda, lisomwe tena baada ya dakika tano mezani, na tena likiwa majimaji kabisa, na idadi ya vichupa vilivyojibu iandikwe kwa kila hatua pamoja na nafasi ya kila kichupa kilichonyamaza. Vichupa vikinyamaza katikati ya boksi peke yake, kasoro ni ya mwelekeo wa antena na kisomaji ndicho cha kubadilishwa. Vikinyamaza hapa na pale na visirudi hata vikisomwa kimoja kimoja, viungo vya chipu vimekatika na oda irudishwe.